Mwanafunzi wa zulia la sufu apewe kaa la kuchorea kabla ya kupewa kulabu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba kuwafundisha vijana wa Uganda kutengeneza mazulia ya sufu kwa kulabu ni kupoteza muda wao, kwa kuwa ufundi huo umetoka nchi za baridi, na kwa kuwa mazulia yanayotundikwa katika maduka ya vitu vya watalii yanafanana kama sarafu. Nimefundisha kazi hii hapa Mbale kwa miaka 11, na katika sehemu ya pili ya hoja yake sina la kumpinga: mazulia hayo yanafanana kweli, na jambo hilo limeniuma kwa muda mrefu. Ninachokataa ni sababu aliyoitoa. Hayafanani kwa kuwa ufundi ni wa kigeni. Yanafanana kwa kuwa sisi walimu tumewafundisha watu kushika kulabu bila kuwafundisha kuchora, na anayejua kuvuta kitanzi tu, bila kujua kitanzi hicho kinakwenda wapi na kwa nini, atabaki akingoja mtu mwingine amchoree maisha yake yote.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona kazi yenyewe, nieleze kwa ufupi. Gunia la juti linavutwa likakaza juu ya fremu ya mbao nne na kubanwa kwa misumari. Kitambaa cha sufu kinakatwa tepe nyembamba, upana wa milimita 6 hivi kwa anayeanza, na urefu wa kutoka kiganjani hadi kiwiko. Mkono mmoja unaushika utepe chini ya gunia, mwingine unaishika kulabu juu. Kulabu inapenya kati ya nyuzi za gunia, inaunasa utepe, inaupandisha ukawa kitanzi, kisha inaruka uzi mmoja au miwili na kushuka tena. Hakuna fundo lolote linalofungwa. Kitanzi kinasimama kwa sababu nyuzi za gunia zimekibana na vitanzi jirani vimekiegemea pande zote, na miisho ya kila utepe hupandishwa juu ikakatwa sawa na vitanzi, ili upande wa chini ubaki laini. Kulabu tunazotumia hutengenezwa na fundi wetu kutokana na msumari mrefu uliopigwa tupa na kupindwa ncha, ukachomekwa katika mpini wa mti wa mpera. Mama aliyezoea kufuma kwa kroshia vile vitambaa vya kufunika makochi, na hapa kwetu wako wengi, huishika kazi ya mkono kwa asubuhi moja.

Msomaji mwenzangu amesema kweli kuhusu asili yake. Ufundi huu ulikua katika karne ya 19 kwenye pwani ya Atlantiki ya Amerika ya Kaskazini, kuanzia Maine nchini Marekani hadi Nova Scotia na Newfoundland, mikononi mwa wanawake ambao hawakuwa na fedha za kununua zulia la dukani. Ulishika kasi pale magunia ya juti, yaliyotokana na mmea wa Bengal, yalipoanza kuingia huko kwa wingi katikati ya karne hiyo yakiwa yamebeba nafaka na bidhaa nyingine, kwa sababu gunia lina nyuzi zilizoachana kiasi cha kuipitisha kulabu, na likishamwagwa halina bei. Juu yake walivuta makoti na blanketi zilizochakaa. Nawaomba wasomaji wa Mbale wautazame mji wao baada ya maelezo hayo. Kahawa ya Mlima Elgon husafirishwa katika magunia ya juti ya kilo 60. Makoti ya sufu ya mitumba yananing'inia sokoni mpaka vumbi linayashika kwa kukosa mnunuzi katika joto la mchana. Sioni ugeni mkubwa kati ya mwanamke wa pwani ile na mama wa mtaa wetu wa Namakwekwe mwenye gunia lililopasuka na koti lisilovalika.

Lakini katika historia hiyo hiyo limo pia onyo. Mwishoni mwa miaka ya 1860, mchuuzi wa vyombo vya bati wa mji wa Biddeford, Maine, aliyeitwa Edward Sands Frost, alikata michoro katika karatasi za bati, akaitumia kuchapa maua, mbwa na hata simba juu ya magunia, akayauza magunia hayo yakiwa tayari kufumwa. Biashara yake ilifanikiwa, na siwezi kumlaumu, kwa kuwa aliufikisha ufundi katika nyumba nyingi ambazo pengine zisingeujua. Hata hivyo wanawake ambao hawakuwahi kumwona simba walimfuma simba yule yule, amelala vile vile, katika nyumba baada ya nyumba. Baadaye, kule Newfoundland, kituo cha daktari Mwingereza Wilfred Grenfell kiliwapa wanawake wa vijiji vya uvuvi michoro na malighafi, nao wakarudisha mazulia yaliyokamilika na kulipwa, mengi yakiwa yamefumwa kwa soksi kuukuu za hariri kwa ustadi ambao hadi leo hutafutwa na wakusanyaji. Michoro ile ilikuwa na dubu wa barafu, mbwa wakivuta sleji, yaani gari la kuteleza juu ya theluji, na mashua kati ya vipande vya barafu, yaani mambo ambayo mfumaji aliyaona kwa macho yake. Hiyo ni hatua iliyo mbele ya simba wa Biddeford, na fedha ile ililisha familia wakati samaki walipopungua, ingawa kwa sehemu kubwa kalamu ilikuwa bado mkononi mwa kituo.

Yaliyotokea huko yametokea kwangu, na naomba niyaseme waziwazi. Miaka michache iliyopita mnunuzi mmoja alikuja katika kikundi nilichokuwa nikikifundisha, akaleta magunia yaliyokwisha kuchapwa: twiga chini ya mti wa mgunga, jua linazama nyuma yake. Katika nchi yetu twiga tunamjua kwa Murchison Falls na Kidepo. Kati ya kina mama 14 wa kikundi kile hakuna aliyekuwa amemwona. Tulifuma twiga 36. Nilihimiza kazi iende haraka, nilikagua vitanzi, nilifurahia malipo pamoja nao. Kisha mnunuzi akaacha kuja, simu yake ikawa haipatikani, na mimi nikampa gunia tupu mama ambaye kwa ustadi wa mkono alikuwa amewapita wote, nikamwekea chaki kando, nikamwambia afume analotaka. Nilirudi baada ya saa mbili. Gunia lilikuwa tupu vile vile, chaki imelowa jasho kiganjani mwake, na yeye akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwalimu, nichoree wewe.” Mama huyu ameshona nguo za harusi, amelima kahawa katika mteremko ambao mgeni hawezi kuupanda bila kushika miti, na anaweza kukueleza rangi ya jani la mgomba katika kila mwezi wa mwaka. Mafunzo yangu yalimfikisha mahali pa kuamini kwamba mchoro si kazi yake.

Tangu siku hiyo, mwanafunzi kwangu haigusi kulabu katika majuma mawili ya kwanza. Anapewa kaa la jikoni, nene na butu, na sakafu ya saruji ya ukumbi wetu, na anatakiwa kuchora kwa ubavu wa kaa, si kwa ncha. Watu hudhani ni ukosefu wa karatasi. Sababu ni kwamba mstari mwembamba kuliko utepe hauwezekani katika zulia: kama utepe ni milimita 6, mstari mwembamba kabisa utakaoupata ni safu moja ya vitanzi, na jani lenye upana wa sentimita 2 lina nafasi ya safu tatu tu, basi. Mwanafunzi aliyechora kwa penseli iliyochongwa atachora kope za jicho, mishipa ya jani na vidole vitano, na vyote vitapotea siku ya kwanza ya kufuma, naye atadhani ameshindwa mkono kumbe ameshindwa mchoro. Kaa butu linamkataza hayo mapema. Linamlazimisha aamue ni umbo gani litabaki baada ya kuondoa yote yasiyo ya lazima, na uamuzi huo, kwa maoni yangu, ni nusu ya ufundi wote.

Baada ya umbo huja mwanga na giza, na hapa ndipo nimeona wanafunzi wengi wazuri wakikwama. Msichana mmoja alichora matawi ya mbuni yenye kahawa iliyoiva, jambo ambalo hapa kwetu kila mtoto analijua, akachagua sufu nyekundu safi kwa punje na kijani kilichokolea kwa majani. Kwa karibu zulia lake lilipendeza. Tulipolitundika ukutani na kusimama mlangoni, punje zote zilimezwa na majani, kwa kuwa wekundu ule na ukijani ule, ingawa ni rangi tofauti, vilikuwa na giza la kiasi kimoja. Nilimwambia afinye macho mpaka kope zikaribie kugusana, atazame tena. Akaona mwenyewe, akakaa chini bila kusema neno. Hakulifumua zulia lote. Alizichomoa safu za nje za kila punje, akarudishia safu moja ya sufu ya rangi ya maziwa upande mmoja tu, ule ambao jua la asubuhi lingeupiga, na punje zikatoka katika majani kana kwamba mtu amefunua pazia. Siku hizi, kabla ya kukata utepe wowote, tunatandaza vitambaa vyote nje chini ya mwembe, tunarudi hatua kumi, tunafinya macho, na kila kitambaa kinachopotea katika jirani yake kinaondolewa.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisichukue tu nakshi za mikeka yetu ya ukindu nikazihamishia kwenye zulia, kwa kuwa ni zetu na ni nzuri. Ni nzuri, nami nina mikeka hiyo nyumbani. Lakini nakshi ya mkeka imezaliwa na kusuka: inapanda kwa ngazi na kukata kwa mshazari kwa sababu ukindu unapita juu na chini ya ukindu mwingine, na msukaji anahesabu. Kulabu haina sharti hilo. Safu ya vitanzi inaweza kupinda kama mto, kujizungusha, kurudi ilikotoka. Kuihamisha nakshi ya mkeka bila kuifikiria upya ni kuichukua ngazi na kuilaza juu ya maji. Mahali ambapo nimepata mchoro unaoipenda kulabu ni Nyero, katika wilaya ya Kumi, kwenye michoro ya kale ya miambani yenye duara jekundu ndani ya duara, ndani ya duara tena. Mfumaji wa zulia hujaza umbo kwa kulifuata, safu ya pili ikiikumbatia ya kwanza na ya tatu ikiikumbatia ya pili, kwa hiyo duara zile ni kama zimechorwa na mtu aliyekuwa akifikiria vitanzi. Niliwapeleka wanafunzi tisa kwa matatu, wakakaa mbele ya mwamba mpaka jua likawa kali, na nikawakataza kunakili. Waliporudi niliwataka wachore kitu cha nyumbani kwao chenye mviringo. Tulipata mdomo wa mtungi, kata ya kubebea maji kichwani, kisiki cha mvule, na kengele za mapajani za kijana wa imbalu, yaani tohara ya Wagisu, zikitazamwa kwa mbele. Hakuna aliyechora Nyero, na mazulia yote tisa yangeweza kutambulika kuwa ni ndugu.

Kuhusu malighafi sina haja ya maneno mengi, ila yako mambo ambayo mwalimu asipoyasema atawatia watu hasara. Kondoo wetu wengi wana nywele, hawana sufu ya kufuma, kwa hiyo sufu tunaipata katika mitumba, na muuzaji si lazima aijue. Chomoa uzi mmoja uuchome: sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayovunjika kwa kidole, lakini uzi wa plastiki huyeyuka na kuwa tone gumu. Kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukatwa, ili nyuzi zishikane na utepe usichanike unapopita kwenye gunia. Nunua kitambaa chenye eneo mara nne ya eneo la mchoro, maana kitanzi hula kitambaa. Zulia la sentimita 60 kwa 90 linataka zaidi kidogo ya mita 2 za mraba. Sufu hupokea rangi vizuri ikichemshwa taratibu, na maganda ya vitunguu hutoa dhahabu iliyoiva, wakati manjano ya jikoni hung'aa sana lakini jua huifuta mapema. Mwaka 2023 Rais Museveni alipotangaza kuwa mitumba itapigwa marufuku, wanafunzi wangu walishtuka. Tulijaribu mabaki ya pamba kutoka kwa mafundi cherehani. Yanafaa, ingawa pamba hulala chini ya mguu mapema kuliko sufu, ambayo hukanyagwa na kuinuka tena.

Kosa la mkono ninalolikuta zaidi ni kusongamanisha. Mwanafunzi mwenye bidii huona tundu tupu la gunia kama dosari, akalijaza kila moja, na zulia likitolewa kwenye fremu linavimba katikati kama chapati kaangoni na kukataa kulala sakafuni. Gunia lisilojazwa kila tundu, lakini lisiloonekana kati ya vitanzi, ndilo lililofumwa sawasawa. Kimo cha kitanzi kikaribiane na upana wa utepe. Hilo hujifunza kwa kurudia, na mwalimu avumilie.

Sasa nije kwa wale wenye uwezo wa kubadili jambo hili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umewataka wanafunzi wafanye kazi za miradi, na walimu kadhaa wa huku mashariki wamenijia wakitaka mazulia yawe mradi wa darasa lao. Nimefurahi, na nimewapa sharti moja. Mwanafunzi alete zulia pamoja na michoro yake yote, ile iliyofaulu na ile aliyoifuta, na mwalimu atoe alama kwa michoro hiyo kabla ya kuligeuza zulia kukagua mgongo wake. Ningependa wanaopima ustadi wa mafundi na kutoa vyeti wafanye vivyo hivyo, kwa sababu cheti kinachopima kulabu peke yake kinamtangaza kuwa fundi mtu ambaye, akipewa gunia tupu, atalowesha chaki kwa jasho. Si wazo geni hapa nchini. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, aliwahimiza wanafunzi wake wachore maisha wanayoyajua wao, na shule ya sanaa ya chuo hicho inaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Napenda pia somo hili lifundishwe kwa Kiswahili pale ambapo darasa limechanganyika, kama langu lenye Wagisu, Waiteso, Wasabiny na Wanubi. Tumekubaliana maneno yetu: kitanzi, mkia wa utepe, safu, mpaka, uwanja wa nyuma. Mwanafunzi anayeweza kuitaja sehemu ya mchoro wake kwa lugha ambayo jirani yake wa fremu anaielewa huweza kubishana naye juu yake, na ubishi huo umeniokolea mazulia mengi kuliko ukaguzi wangu.

Mama niliyemtaja hapo juu bado yuko nasi. Alianza upya na kaa kama wanafunzi wa kwanza, kwa aibu ambayo najua nilimsababishia mimi, na mwezi uliopita amemaliza zulia la ukuta wa mlima wa Wanale unavyoonekana kutoka mlangoni kwake baada ya mvua: kijivu cha aina nne, na maporomoko matatu membamba, kila moja likiwa ni safu moja tu ya sufu nyeupe. Mteja alimpa bei nzuri akakataa kuuza, nami sikumshawishi.

Kwa wenye maghala ya kahawa hapa Mbale, Sironko na Kapchorwa, nina ombi: magunia ya juti yaliyopasuka, hata yenye tundu la ukubwa wa sahani, msiyachome wala kuyafanya tambara la kufutia miguu. Kipande kizima cha mita moja kinamtosha mwanafunzi mmoja kwa muhula mzima, na tutayafuata wenyewe kwa mkokoteni.

Wako,
Mwalimu wa kazi za mikono,
Mbale